Nafasi ya Kujaza

Fomu ya mwisho wa mwaka ina swali moja:
"Umejifunza nini? Jibu kwa mistari mitatu."
Penseli nimeichonga mara mbili.
Feni ya ofisi ya Wete inazunguka, haipepei.

Nilikuja na shahada ya hesabu.
Kwenye usaili nilisema napenda watoto.
Mwanamke mmoja wa jopo akafunga kalamu yake:
"Na watu wazima wao, je?"
Sikuwa na jibu. Wakanichukua hivyo hivyo,
mwaka mmoja, siku mbili darasani, tatu mitaani,
na posho ya nauli na mkate wa mofa.

Aliyekabidhiwa kunisimamia ni Bi Mgeni Faki.
Kitabu hakunipa. Alitazama miguu yangu:
"Viatu vya kamba vinakuchelewesha mlangoni,
na mlangoni ndipo watu wanapopanga la kukwambia."
Jioni ile nikanunua kandambili.

Faili langu la kwanza: Hamad Shaame, miaka tisa, Kiuyu.
Mwalimu kaandika: mtoro, mkaidi.
Sheha kaongeza: karafuu zimemponza, anaokota za chini anauza.
Mimi nikahesabu.
Siku arubaini na moja katika themanini na nane.
Nikapiga asilimia, nikachora na jedwali.
Nikenda, nikavua viatu, nikamuuliza mama.
Mama akajibu vizuri, kila neno limefagiwa,
mtoto kasimama kando, akiitikia kwa kichwa panapostahiki.
Nikaandika: Mtoto yuko salama. Ashauriwe kuhusu skuli.

Bi Mgeni akasoma. Akanyamaza hadi chai ikapoa.
"Jedwali zuri. Na yeye alisema nini?"
"Alikubali."
"Kukubali si kusema. Rudi."

Nikarudi saa isiyo ya wageni.
Hapakuwa na mkeka uliotandikwa, wala maneno.
Nikaketishwa jikoni, juu ya mbuzi,
nikapewa nazi nikune,
maana mikono mitupu jikoni ni ya askari.
Nikakuna. Sikuuliza.
(Kunyamaza nako ni somo; nimelifeli mara mbili.)
Kwenye nazi ya pili Hamad akasema, macho yake motoni:
"Nikenda skuli, nani atamtoa?"

Atamtoa nani? Wapi?
Ndipo mamake, Bikombo, alipoteremsha kanga begani,
nikaona ngozi ilivyojikunja toka kiwiko hadi kwapa.
Kifafa, akasema. Mwezi wa Rajabu.
Aliangukia mafiga,
na mwana yuko darasani,
anakariri jedwali la saba.

Siku arubaini na moja.
Hakuna hata moja aliyotoroka.
Zote alikuwa zamu.

Sitasema tumeyamaliza.
Dawa iko Wete: mwezi huu ipo,
mwezi ujao "njoo Jumatatu".
Shangazi yake, Riziki, huja kukaa siku tatu kwa wiki;
siku hizo Hamad huvaa sare.
Mbili zilizobaki mwalimu bado anaandika mtoro,
ila sasa anaandika kwa penseli.
Nilimwomba hilo. Alinielewa nusu.

Mara moja nimemwona Bi Mgeni akilia,
ndani ya gari la ofisi, madirisha yamefungwa,
kwa faili ambalo silo langu.
Alipojifuta akaniuliza kama nimeandika kilomita.
Nilikuwa nimeandika.

Basi. Mstari wa kwanza: Kuvua viatu upesi.
Wa pili nimeuandika, nimeufuta,
nimeuandika tena, karatasi imeota manyoya.
Wa tatu una jambo ambalo wasahihishaji hawatalielewa,
lakini atakayerithi faili hili
atalihitaji kabla ya kulihitaji jina langu:

Bikombo huwasha moto saa kumi na moja na robo.